Saa Kumi na Moja ya Tanki

Njia panda ya kupanda Lutindi, pale barabara ya vumbi inapojigawa, mkono mmoja ukielekea misheni na mwingine ukishuka kwenye mashamba ya iliki, kuna benchi la mbao la watu wanne. Likibanwa linakalisha watano, na ubishi linakalisha kadiri utakavyoleta. Mwenye benchi ni Mustapha, Mzigua wa Sindeni aliyepanda mlimani kuuza kahawa kwa wiki mbili akakaa miaka tisa, na kwa kazi yake anaitwa Birika. Upande wa ukutani hukaa mzee Mhina, mwenyeji wa hapo hapo, ambaye watu wanamwita Utafiti kwa sababu hawezi kuanza sentensi bila kusema utafiti umeonyesha, ingawa utafiti wenyewe haujawahi kuvuka benchi hilo. Pembeni yake ni Valentino, mtengeneza redio, jina lake Fyuzi. Wa nne ni Eliasi, ambaye wanamwita Mkonge. Huyo alizaliwa kambini kwenye shamba la mkonge huko chini Korogwe, babu yake akiwa ameletwa kutoka mbali kuja kukata majani, naye akafanya kazi kule kule mpaka akastaafu. Mlimani alipandishwa na mke wake, Yusta, aliyerithi kiwanja kwa wazazi. Huu ni mwaka wa kumi na moja, na bado mlima mzima unamwita shemeji.

Asubuhi hiyo Eliasi alifika kwa kuchelewa, koti limefungwa mpaka kooni, mabega yamepanda kwa baridi. Alikaa bila kusalimia vizuri. Birika alimmiminia kahawa kabla hajaomba, kwa maana uso wake ulikuwa umeshaomba.

— Vipi, shemeji, akauliza Mhina. Leo yamepata moto?

— Baridi.

— Baridi ya kawaida au kama ya jana?

— Ya jana ilikuwa na huruma kidogo.

Fyuzi akacheka peke yake, akaona hajaungwa mkono, akarudi kwenye kikombe chake. Wote walijua habari ya maji ya Eliasi. Kwa siku tano benchi lilikuwa halizungumzi kingine.

Ilianza wakati wa masika, Yusta alipolazwa siku kumi na mbili kwa ajili ya kifua. Daktari alimtazama, akamuuliza amepika kwa kuni miaka mingapi, Yusta akaanza kuhesabu akaacha. Daktari akasema basi, huyu mama asikae tena kwenye moshi, hata wa kuchemsha maji ya kuoga. Eliasi alirudi nyumbani akayabeba mafiga yote matatu kwa mikono yake, akayatupa nyuma ya migomba. Wakanunua jiko dogo la gesi la kupikia. Maji ya kuoga ndiyo yakabaki kuwa kitendawili, kwa sababu Lutindi si mahali pa kuoga baridi. Ukungu unashuka mpaka kwenye kizingiti, na maji ya mserereko yanatoka mwambani moja kwa moja hadi bombani bila kupita juani. Walijaribu koili ya kuchovya kwenye ndoo. Koili ilichemsha kweli, lakini mita ya luku ilikimbia mpaka Eliasi akawa anaogopa kuitazama.

Hapo ndipo Edna, binti yao anayefanya kazi Tanga, alipoleta tanki. Tanki jeupe, la lita thelathini, limevikwa godoro nene ndani ya ngozi yake ili joto lisitoke. Lina saa ya namba. Wewe unaiambia saa unayotaka maji yawe tayari, lenyewe linajua lianze lini, linapasha mara moja tu kwa siku, kisha linajizima na kutunza. Fundi aliyelifunga alikuwa na gari linamsubiri likipiga honi, kwa hiyo alieleza haraka haraka na kumwachia Eliasi mwenyewe kazi ya kuitega saa. Eliasi aliitega. Kesho yake alfajiri akafungulia bomba, maji yakamtoka baridi mpaka akasikia meno yakigongana.

Na kesho yake vile vile, na kesho kutwa.

— Binti anasemaje, akauliza Birika.

— Yumo kwenye basi, akasema Eliasi. Anafika saa saba.

— Anakuja kutazama tanki?

— Anakuja kumchukua mama yake.

Mhina alishusha kikombe. Hilo lilikuwa jipya.

— Kumchukua kumpeleka wapi, akauliza Mhina, sauti imeshuka. Yusta ni dada yetu. Anachukuliwaje kama gunia?

— Tanga, kwake. Kule hakuna baridi, maji ya bomba yenyewe yana uvuguvugu. Kila asubuhi ananipigia, baba, maji yamepata? Ningemdanganya? Nikamwambia hapana, baridi. Jana akasema, baba, mimi siwezi kukaa huku najua mama anaoga maji ya barafu na kifua kile. Akasema kama nyumba imeshindwa kumpa mama maji ya moto, basi atakaa kwake.

— Kwa muda?

— Hakusema kwa muda.

Eliasi alikitazama kikombe. Hakuwaambia kwamba usiku wake ulikuwa mrefu, wala kwamba alikuwa amejaribu kuiona ile nyumba bila Yusta akashindwa kuimaliza. Mwanamume wa kambini, peke yake kwenye mlima wa wakwe, anaitwa shemeji na watu ambao dada yao hayupo. Angekuwa shemeji wa nani? Aliogopa, na aliona haya kuogopa akiwa na mvi zote zile.

— Sasa tusikae kama tuko msibani, akasema Fyuzi. Mpaka saa saba tuna muda. Hili tatizo ni la kitaalamu. Nalijua.

— Ulilijua jana pia, akasema Birika.

— Jana sikulala, nimelifikiria. Sikilizeni. Umeme unatoka wapi? Chini. Sisi tuko wapi? Juu. Umeme umepanda kona zote zile, nguzo kwa nguzo, unafika hapa umechoka. Taa inawaka, kwa sababu taa ni kazi nyepesi. Redio inawaka. Lakini maji? Maji ni mazito, bwana. Ukifika kwenye tanki unakuwa hauna tena nguvu ya kuchemsha.

— Mbona koili ilichemsha?

Fyuzi akafikiri.

— Koili ilikuwa karibu na mlango.

— Utafiti umeonyesha, akaanza Mhina, na Birika akajisogeza karibu kwa maana sasa mambo yalikuwa yanaanza. Utafiti umeonyesha kwamba joto linapanda juu. Moshi unaenda wapi? Juu. Mvuke? Juu. Sasa nyie mmechukua tanki mmelitundika ukutani, karibu na dari. Joto likiingia tu, linatoka juu, linakwenda zake. Mnapasha paa. Kama mngekuwa na kuku darini wangekuwa wametotoa.

— Kwa hiyo afanyeje?

— Aligeuze. Kichwa chini, miguu juu. Joto likitaka kutoka likute kitako cha tanki.

— Na bomba?

— Bomba litazoea.

Eliasi alisikiliza kwa uaminifu wote wa mtu ambaye hana pa kwenda. Siku nyingine angecheka. Leo alikuwa anapima kila neno, hata la Mhina, kama pengine ndani yake kuna kitu cha kumwonyesha Edna.

— Ila kuna jambo, akasema. Umeme unaliwa. Naangalia luku kila jioni. Hauliwi kama wa koili, unaliwa kidogo, lakini unaliwa kila siku, kiasi kile kile.

— Enhe, akasema Fyuzi, akikaa wima. Hilo hukutuambia.

— Nimewaambia sasa.

— Yaani linapasha.

— Linapasha kitu. Mimi sioni.

Birika aliweka birika chini juu ya makaa, taratibu, kama mtu anayeweka silaha ili azungumze kwa amani. Yeye huwa hasemi mapema. Huwaacha wenzake wachoke kwanza.

— Umeme unaliwa, akasema. Maji yanapata moto. Asubuhi moto haupo. Sasa niambieni, moto umekwenda wapi? Kule kwetu Sindeni swali hili hata mtoto anajibu. Kuna anayeoga.

— Nani?

— Mimi ni mgeni hapa, sitaki kusema maneno. Lakini kile kiwanja, kabla ya wazee wa Yusta, kilikuwa cha nani?

— Cha babu yao, akasema Mhina.

— Kabla ya babu yao.

— Cha misheni.

— Basi. Kwenye misheni za zamani walikaa Wazungu. Mzungu bila maji ya moto haishi. Alikuwa na mtu kazi yake ni kumchemshia tu. Huyo Mzungu akafa, maji yakakatika. Miaka mia na zaidi amekaa na baridi yake, anavumilia, hana pa kulalamika. Leo watu wanaleta tanki jeupe, la kisasa, wanalifunga pale pale alipokuwa anaogea. Wewe ungemwachia Mkonge?

Fyuzi alijikuna shingo. Mhina alifungua mdomo, na Birika akamnyooshea kidole.

— Na wewe, mzee, usituletee methali. Leo ni sayansi tupu.

— Sikuwa na methali, akasema Mhina. Nilitaka kusema utafiti umeonyesha Wazungu wanaoga jioni.

— Huyu wetu ameshapoteza majira, akasema Birika.

Wakacheka, na Eliasi akacheka nao kidogo, halafu kicheko kikamuishia njiani. Alikumbuka kambini. Kule walikuwa wanaitwa majina saa kumi na mbili kamili, asubuhi bado giza, na asiyekuwepo siku yake imekwenda. Kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kufika pale bila kuoga, na hakuwahi kuoga baridi. Yusta aliamka saa kumi, akapuliza moto. Saa kumi na moja ndoo ilikuwa bafuni, inatoa mvuke, kipande cha sabuni juu ya jiwe. Hata alipostaafu na kupanda huku saa ile haikubadilika. Hakuna tena anayemwita jina, lakini mwili ulikuwa umeshatiwa ufunguo. Ndiyo sababu alipoachiwa saa ya tanki hakufikiri mara mbili. Na kila alipotetemeka bafuni asubuhi hizi, alikuwa anasema moyoni, mimi ni mwanamume nitavumilia, je, yule mama?

— Na yeye Yusta anasemaje, akauliza Fyuzi.

— Yusta unamjua. Hata akiwa anakatwa mguu atakwambia hajambo. Namwambia pole kwa maji, ananiambia mbona tunaendelea vizuri. Edna akimuuliza kwenye simu, anasema vizuri. Ndiyo maana Edna ananiuliza mimi.

Pikipiki ilipanda ikinguruma kutoka bondeni, ikasimama njia panda. Abiria aliyeshuka alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, amevaa ovaroli ya bluu na ushungi mweusi, begi zito la vifaa begani. Alimlipa mwenye pikipiki, akaligeukia benchi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, wakajibu watatu, na Fyuzi, ambaye hakuwa na hakika kama yumo, akajibu nusu.

— Naitwa Husna, fundi umeme, nimetoka dukani Korogwe, tanki liliponunuliwa. Namtafuta mzee Eliasi. Binti yake amepiga simu jana, anasema tanki la maji halifanyi kazi. Nimeambiwa nilitazame, na kama ni bovu nilifungue nirudi nalo.

Eliasi alipiga hesabu. Tanki saa hizi, mke saa saba.

— Eliasi ni mimi, binti. Karibu. Hawa ni wataalamu wenzako, akaongeza, na Birika akalikohoa cheko lake kwenye kiganja.

— Nashukuru kuwafahamu. Tanki lina tatizo gani?

— Limechoka, akasema Fyuzi.

— Limetundikwa vibaya, akasema Mhina.

Birika hakusema lake. Mbele ya mgeni, yule Mzungu wake alionekana kupungua nguvu.

Husna alilishusha begi, akachuchumaa karibu na makaa kuota moto, akamgeukia Eliasi peke yake.

— Baba, maji unafungulia saa ngapi?

— Saa kumi na moja alfajiri.

— Na saa ya tanki ulitega ngapi?

— Kumi na moja. Niliitega kwa mkono wangu.

— Pale kwenye kioo pameandikwaje?

— Moja na moja, halafu nukta mbili, halafu sifuri mbili.

Husna alisugua viganja juu ya makaa. Alionekana anatafuta namna ya kusema bila kumvunjia mtu heshima.

— Baba, saa ile inahesabu Kizungu. Kumi na moja yake ni saa tano yetu. Saa tano ya asubuhi hii. Ulitakiwa kuandika tano ili ipate kumi na moja.

Ilichukua muda kufika. Ilimfikia Fyuzi kwanza, akajipiga paja. Halafu Mhina akainamia fimbo yake, mabega yanatikisika.

— Shemeji, akasema akijifuta macho. Siku tano unatetemeka. Ungeniletea saa mimi.

— Wewe ulisema aligeuze kichwa chini, akasema Birika.

— Ningeligeuza, saa nayo ingegeuka.

Eliasi hakukasirika. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kumbe ni hilo tu. Saa. Mkono wake mwenyewe na saa ya watu. Atampigia Edna, atajichekesha mbele yake, Edna atacheka, basi litafika saa saba na litashuka bila Yusta. Alianza kutafuta simu mfukoni.

Lakini Husna hakuwa anacheka. Alikuwa anayatazama makaa, kichwa kimeinama upande.

— Bado kuna kitu sijakielewa, akasema.

— Kitu gani tena?

— Lile tanki linatunza joto. Ndiyo kazi yake, ndiyo maana halili umeme mwingi. Maji yakiwa tayari saa tano asubuhi, jioni ni ya moto. Usiku ni ya moto. Kesho yake alfajiri ukifungulia bado yangekuwa moto wa kutosha kuoga vizuri. Hata kama saa ilikosewa, usingekuta baridi.

Mkono wa Eliasi ukabaki mfukoni.

— Labda godoro lake limetoboka, akasema Fyuzi.

— Lingekuwa limetoboka, lingehangaika muda mrefu kupasha huku joto likitoka, na umeme ungeliwa sana. Umeme unaliwaje?

— Kidogo, akasema Eliasi. Kiasi kile kile kila siku.

— Basi tanki ni zima. Linapasha mara moja, linatunza. Halafu maji ya moto yanatumika, ya baridi yanaingia mahali pake, yanakaa hivyo mpaka saa tano ya kesho. Lita thelathini si nyingi. Mtu mmoja akioga kwa nafasi, akafua na vinguo vyake viwili vitatu, limekwisha.

— Mtu gani, akasema Eliasi. Mimi saa tatu natoka shambani nakuja hapa. Kurudi ni saa saba. Pale nyumbani hakuna mtu. Yuko Yusta tu.

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kisha akalisikia.

Husna naye alilisikia. Alikuwa kijana, na swali lake lilitoka hivi hivi, la fundi anayetaka kujaza karatasi.

— Na mama, huwa anaoga saa ngapi?

Benchi lote lilimgeukia Eliasi. Mwanzoni ilionekana ni heshima, kwamba swali ni la Eliasi na mwenye mke ajibu. Eliasi akafungua mdomo. Alitaka kusema asubuhi. Lakini asubuhi ya lini? Aliyatafuta maji ya kuoga ya Yusta katika miaka arobaini na minne. Aliiona ndoo yake mwenyewe, mvuke wake mwenyewe, sabuni juu ya jiwe. Aliwaona watoto wakiogeshwa jioni kwenye beseni, wanalia. Baada ya hapo aliyaona masufuria, na nguo za kazi zenye utomvu wa mkonge, na Yusta amejifunga kitenge, yuleyule wa kila siku, safi. Safi siku zote. Alijisafishia wapi, na kwa maji gani yaliyobaki, na moto gani, Eliasi hakuwahi kuona. Alikuwa anaondoka kabla yake na kurudi baada yake. Siku zote tano alizomwambia pole kwa maji, alikuwa anajipa pole mwenyewe.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni.

Alimgeukia Mhina kutafuta msaada. Mhina alikuwa anachora mchanga kwa ncha ya fimbo.

— Utafiti haujaonyesha, mzee? akauliza Birika, lakini hakuuliza kwa kuchokoza.

— Wangu mimi, akasema Mhina, wangu huwa... Nadhani ni mchana. Au jioni, nikiwa nimetoka. Akafuta mchoro kwa kiatu. Nitakuwa mwongo.

— Na wewe, Fyuzi?

— Mimi tumeoana juzi tu.

— Miaka sita, akasema Birika.

— Basi na wewe sema.

Birika alinyanyua birika, akalitikisa, akalirudisha chini. Mke wake alikuwa Sindeni, alimwona mara tatu kwa mwaka, na hakutaka kuulizwa zaidi ya hapo.

— Mimi sikuuliza vibaya, wazee, akasema Husna, akiwatazama mmoja mmoja. Nilitaka kujua tu saa ya kuitega. Nionyesheni nyumba, ni kazi ya dakika moja. Nikiandika tano, kesho alfajiri baba ataoga moto.

Akavaa begi begani. Eliasi aliitazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa tano na dakika nne.

— Kaa kwanza, binti, akasema.

— Baba, nina kazi nyingine Bungu.

— Najua. Kaa unywe kahawa moja. Hatuwezi kwenda sasa hivi.

— Kuna nini sasa hivi?

Simu ikaita mfukoni mwake. Ilikuwa Edna, na nyuma ya sauti yake basi lilikuwa linapandisha gia. Aliongea kwa sauti kubwa kama wote wanaoongea ndani ya basi, na benchi zima lilimsikia.

— Baba, shikamoo. Nimepita Korogwe. Fundi amefika?

— Marahaba. Amefika, niko naye.

— Tanki ni bovu?

— Tanki ni zima, mwanangu. Saa niliitega vibaya mimi. Maji ya moto yapo, yamekuwepo siku zote hizi. Aliyekuwa hayapati ni mimi.

Basi likanguruma ndani ya simu.

— Sikuelewi, baba. Mama je?

— Mama yako nadhani alikuwa anayapata.

— Unadhani?

— Nadhani. Sijamuuliza. Eliasi akahamishia simu sikio la pili. Edna, mambo ya kwenda Tanga pia sikumuuliza. Na wewe hukumuuliza, uliniuliza mimi. Ukifika tukae, tumuulize yeye. Anaweza akasema anataka kwenda. Sijui atasemaje.

Kusema hivyo kulimwuma, na alikuwa hajui kama alfajiri ya kesho kutwa atakuwa na mtu wa kumwambia pole. Lakini alilisema, na halikuwa la uongo.

— Basi nipe mama sasa hivi niongee naye, akasema Edna.

— Siko nyumbani, niko kijiweni.

— Si uende, baba, ni hapo chini tu. Mpelekee simu.

Husna alikuwa bado amesimama, mkono kwenye mkanda wa begi. Alimtazama Eliasi, kisha akalishusha begi polepole, akakaa kwenye nafasi ya tano ya benchi. Mhina akajisogeza kumpisha. Birika alimmiminia kahawa, na Fyuzi akaacha kujikuna.

— Siendi, mwanangu, akasema Eliasi. Na wewe usimpigie. Mwache. Mama yako anaoga.